Kalamu za kuchomea kidole kwa wapima sukari: ipi ununue, ipi uache

Mtu akiambiwa aanze kupima sukari nyumbani, mawazo yote huenda kwenye mashine. Ataulizia bei yake, bei ya stripu (vile vijiti bapa vya kuwekea damu), kama inatunza majibu, kama betri zake zinapatikana. Kalamu ya kuchomea kidole iliyomo kwenye boksi lile lile haiulizwi hata swali moja, ilhali ndiyo inayougusa mwili kila siku. Kalamu ikiwa mbovu, au ikiwa nzuri lakini imewekwa vibaya, ncha za vidole hufanya sugu, stripu hupotea kwa damu haba, na mwisho wake mgonjwa anaacha kupima kwa sababu "inauma sana". Sehemu kubwa ya maumivu hayo haitokani na ugonjwa. Inatokana na sindano iliyochakaa, kina kilichozidi, na kidole kuchomwa mahali pasipofaa.

Nianze na uamuzi, kisha nieleze sababu. Kwa mtu mzima anayejipima mwenyewe na ana duka la uhakika la kununulia sindano zake, Accu-Chek Softclix ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza. Kwa mwenye mikono inayotetemeka, mwenye macho hafifu, au anayeogopa kabisa kuona ncha ya sindano, FastClix ya kampuni hiyo hiyo inafaa zaidi. OneTouch Delica Plus ni nzuri kwa ngozi laini. Kalamu zisizo na jina kubwa zinazokuja na mashine za bei nafuu zinafaa pia, ila zina masharti, na masharti hayo yasipotimia ni afadhali zibaki dukani. Kwa zahanati, kambi ya upimaji au mtu yeyote anayechoma vidole vya watu wengi, hakuna hata moja kati ya hizi inayofaa. Hao wana kifaa chao, nitakifikia.

Kilichomo ndani

Kalamu zote zina mambo yale yale: springi, kishikio cha sindano, kifuniko chenye tundu mbele, na gurudumu la kupangia kina. Ukikaza springi na kubonyeza kitufe, sindano hutoka, huingia kwenye ngozi milimita moja au mbili hivi, na kurudi ndani mara moja. Ubora wa kalamu unajulikana kwa vitu viwili tu. Je, sindano inakwenda moja kwa moja bila kuyumba? Je, inarudi yote ndani bila kuingia mara ya pili? Kalamu ya ovyo ina springi inayorusha sindano kisha inaitikisa mbele na nyuma kabla ya kutulia, na mtikisiko huo ndio unaochana ngozi na kubaki ukiuma dakika kadhaa baadaye.

Sindano zenyewe, ambazo wauza dawa wengi huziita lanseti, hupimwa kwa geji. Hapa watu hupotea kwa sababu hesabu yake imegeuzwa: namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba. Geji 21 ina unene wa karibu milimita 0.8, geji 28 karibu 0.36, geji 30 karibu 0.3, na geji 33 karibu 0.2. Muuzaji akikuambia "hii ni 33, haiumi kabisa," anasema nusu ya ukweli. Nyembamba haiumi sana inapoingia, lakini inatoa tone dogo. Kwa mtu mwenye ngozi nene ya vidole, mkulima, fundi ujenzi, mpishi, mshona viatu, geji 33 mara nyingi haitoi damu ya kutosha. Atakamua, atachoma tena, na michomo miwili ya geji 33 inauma kuliko mmoja wa geji 28.

Kabla ya kuchagua geji, tazama mashine yako inataka damu kiasi gani. Stripu za Contour Plus na za Accu-Chek Instant zinatosheka na mikrolita 0.6. OneTouch Select Plus inataka mikrolita 1. Accu-Chek Active, ambayo bado iko kwenye nyumba nyingi, inahitaji mikrolita 1 hadi 2. Mwenye Active akinunua sindano za geji 33 kwa kuhurumia vidole, atapoteza stripu, na stripu moja ni ghali kuliko sindano moja. Kwa Active baki na geji 28. Kwa mashine za mikrolita 0.6, geji 30 inakutosha.

Accu-Chek Softclix

Ni kalamu nyembamba inayokaa vizuri mkononi. Faida yake kubwa ni kwamba sindano inapita kwenye njia maalumu inayoiongoza, haiachiwi springi iirushe itakavyo. Inaingia moja kwa moja na kutoka moja kwa moja, na tofauti yake na kalamu ya kawaida inasikika tangu mchomo wa kwanza. Sindano zake ni za geji 28, nene kidogo kuliko za washindani wake, na bado inauma kidogo kuliko kalamu nyingi zenye geji 30. Hiyo inaonyesha kwamba mwendo wa sindano una uzito kuliko unene wake.

Ina ngazi 11 za kina, kuanzia 0.5 hadi 5.5, kila hatua ni nusu. Anza na 2. Damu isipotoka vya kutosha, panda nusu hatua, yaani 2.5, sio kuruka hadi 4. Watu wenye vidole laini hukaa kati ya 1.5 na 2.5, wenye mikono ya kazi hufika 3.5 au 4. Ukijikuta umefika 5 na bado damu haitoki, tatizo si kina tena: mikono ni ya baridi, au sindano imetumika mara nyingi mno, au unachoma mahali pamoja kila siku hadi pamekuwa pagumu.

Kuiandaa: vua kifuniko kwa kukivuta, usikizungushe. Ingiza sindano mpya kwenye kishikio, isukume mpaka ilie "tik". Zungusha kofia ndogo ya plastiki iliyofunika ncha na uitoe. Rudisha kifuniko ukilinganisha pengo lake na alama ya nusu duara kwenye mwili wa kalamu. Kisipolingana hakiingii vizuri, na wengine hukilazimisha mpaka kinapasuka ukingoni. Panga kina kwa kuzungusha kifuniko. Bonyeza kitufe cha nyuma mpaka mwisho, na kitufe cha kuachilia kitaonyesha rangi ya njano. Hiyo njano ndiyo dalili kwamba springi imekaza. Usibonyeze vitufe vyote viwili kwa pamoja, maana haitakaza.

Ukimaliza, vua kifuniko, elekeza ncha mbali na wewe na uvute pete ya kutolea. Sindano inadondoka yenyewe bila kuguswa.

Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa: haikubali sindano nyingine yoyote zaidi ya zile za Softclix. Zile za duara zinazouzwa boksi la 100 kila mahali haziingii, na ukilazimisha unaharibu kishikio. Kwa hiyo kabla ya kuinunua, nenda kwanza kwenye duka la dawa unalolitegemea, uulize sindano za Softclix kwa jina, uone boksi kwa macho. Dar es Salaam au Nairobi hutahangaika sana. Kwenye mji mdogo unaweza kuikuta kalamu na usizikute sindano, na hapo ndipo mtu hutumia sindano moja mwezi mzima. Kalamu bora yenye sindano butu ni mbaya kuliko kalamu duni yenye sindano mpya.

FastClix

Hii haitumii sindano moja moja. Inatumia pipa dogo lenye sindano 6 ndani, za geji 30, na ncha huzioni wala huzigusi hata mara moja. Boksi la 102 lina mapipa 17. Unaingiza pipa upande mweupe ukitangulia, unarudisha kifuniko, unapanga kina, ngazi ni zile zile 0.5 hadi 5.5. Kuchoma ni tendo moja tu: unabonyeza kitufe cha juu mpaka mwisho, kinakaza na kuachilia kwa pamoja. Kuleta sindano mpya, unasukuma kitelezi cha pembeni mpaka mwisho na kukirudisha. Dirisha dogo linaonyesha zimebaki ngapi. Pipa likiisha linatoka likiwa na mstari mwekundu na halirudi ndani tena, jambo ambalo nalisifu sana kwa nyumba zenye watoto.

Kwa mzee mwenye ganzi vidoleni au mwenye jicho lililofifia, kifaa hiki ni msaada wa kweli, kwani kazi ya kung'oa vile vikofia vidogo vya plastiki imeondolewa. Kwa mwanafunzi wa bweni pia, maana pipa moja linatosha siku moja au mbili na hakuna kilichoachwa mezani.

Kosa linalorudiwa ni kusahau kile kitelezi. Kwa kuwa kalamu inachoma vizuri hata bila kukisukuma, mtu anaweza kupima mara kumi kwa sindano moja huku akidhani inabadilika yenyewe. Haibadiliki. Namba dirishani isipopungua, ujue unatumia ile ile. Na kwa kuwa kubonyeza kunataka nguvu ya kidole gumba, mwenye baridi yabisi kwenye gumba aijaribu kwanza kabla ya kulipa.

Delica Plus, Microlet Next na zile zisizo na jina

OneTouch Delica Plus ina ngazi 13 za kina na sindano zake ni za geji 30 na 33. Ni laini, ina mlio mdogo, na ukiwa na geji 33 kwa mtu mwenye ngozi nyororo karibu haisikiki. Nayo pia haikubali sindano za wengine, na kishikio chake kina umbo linalotaka sindano iingie kwa upande mmoja tu. Usitupe kofia ya plastiki uliyoing'oa mwanzoni. Baada ya kupima, iweke mezani, ichome kwa ile ncha iliyo wazi, ndipo utoe sindano ikiwa imefunikwa. Delica za zamani zina ngazi 7. Ukiuziwa hiyo kwa bei ya Plus, hesabu namba kwenye gurudumu.

Microlet Next inayokuja na mashine za Contour ina ngazi 5. Ni imara, haina la kulalamikia sana, haina la kusifia sana.

Sasa hizi kalamu zinazokuja na mashine za bei ya chini. Nyingi zina ngazi 5 au 6, na zinakubali sindano za kawaida zenye shina la duara na kofia ya kuzungusha, zinazouzwa kwa boksi la 50 au 100 karibu kila duka la dawa. Hiyo ndiyo nguvu yake, na si nguvu ndogo: mtu akiweza kubadilisha sindano kila anapopima bila kuhesabu senti, kalamu hiyo inaweza kumtunza vizuri kuliko Softclix isiyo na sindano. Lakini ikague hivi kabla ya kuondoka dukani.

Ingiza sindano na uitikise kwa kidole. Ikicheza kwenye kishikio, itayumba pia ndani ya ngozi. Rudisha kifuniko, kaza, elekeza hewani, achilia. Tazama tundu la mbele kwa pembeni: ncha isionekane ikiwa imetulia. Kalamu ambayo ncha yake inabaki nje baada ya kuachilia, irudishe papo hapo, haitengenezeki. Kisha zungusha gurudumu la kina mbele na nyuma. Kila ngazi inapaswa kukamata kwa mlio. Gurudumu linaloteleza litahama lenyewe ndani ya mkoba, na kesho ngazi ya 2 itakuwa ya 5 bila wewe kujua. Kaza na kuachilia mara tatu nne mfululizo. Kama kuna mara moja springi imeshindwa kushika, iache.

Na usihamishe namba kutoka kalamu moja kwenda nyingine. Ngazi ya 3 ya kalamu hii si ngazi ya 3 ya ile. Kila kalamu mpya anza chini, upande polepole.

Kuchoma kwenyewe

Karatasi za maelekezo ndani ya maboksi haya nyingi ni za Kiingereza, na kitenzi chake ni "prick". Kinafaa kueleweka vizuri, kwa sababu kukikosea kunaumiza kidole. "Prick" ni kutoboa kidogo kwa ncha na kutoka hapo hapo. Hakuna nguvu ya mkono ndani yake. Wengi hufanya kile ambacho Kiingereza kingeita "jab", yaani kuchoma kwa kusukuma ghafla na kwa nguvu, kama bondia anayerusha ngumi fupi ya mkono wa mbele. Ndilo neno Waingereza wanalotumia mtaani kwa sindano ya chanjo, na ndiyo maana mtu aliyelizoea kwenye habari za chanjo hudhani kuchoma kidole nako kunataka msukumo. Anainua kalamu na kuishusha kidoleni huku akibonyeza kitufe. Matokeo yake ngozi inabonyea ndani, sindano inaingia zaidi ya kina kilichopangwa, na jeraha linakuwa pana. Maneno mengine mawili kwenye karatasi hizo: "prime" ni kukaza springi, "eject" ni kutoa sindano iliyotumika.

Namna sahihi ni hii. Nawa mikono kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha kabisa. Si suala la usafi peke yake. Mtu aliyetoka kumenya chungwa au embe ana sukari ya tunda kwenye vidole, na sukari hiyo ikichanganyika na tone la damu, mashine itaonyesha kiwango cha juu ambacho hakimo mwilini. Mwenye kupanga dozi ya insulini kwa jibu hilo yuko hatarini. Kufuta kwa spiriti peke yake hakutoshi kuondoa utomvu wa tunda. Na maji yaliyobaki kidoleni nayo yanaharibu kwa upande wa pili, yanalipunguzia tone ukali. Ukikosa maji kabisa, futa tone la kwanza kwa pamba safi na upime la pili.

Shusha mkono chini ya kiuno kidogo ili damu iteremke. Chagua kidole cha kati au cha pete. Gumba na cha shahada hutumika sana kwa kazi, kidonda chake kinakusumbua siku nzima, na cha mwisho kina nyama kidogo juu ya mfupa. Choma pembeni mwa ncha ya kidole, sio katikati ya alama ya kidole ambako mishipa ya fahamu imejaa, wala karibu na ukucha. Weka kifuniko cha kalamu kikae kwenye ngozi kikiwa kimetulia, kimegusa mzunguko wote wa tundu, mkono usitembee. Bonyeza. Ikae vivyo hivyo, kisha inua.

Usikimbilie kukamua. Subiri sekunde chache, kisha papasa taratibu kutoka kwenye shina la kidole kuelekea ncha. Kukamua kwa nguvu karibu na tundu kunatoa majimaji ya tishu pamoja na damu, na jibu linakuwa si sahihi. Lengo ni tone la duara linalosimama lenyewe. Gusisha ukingo wa stripu kwenye tone, iache inywe yenyewe. Usilipake tone juu yake.

Badilisha upande na kidole kila unapopima. Vidole vinne vya kati na vya pete, kila kimoja kina pande mbili, tayari una sehemu nane bila kugusa vingine. Usichome kidole kilichovimba, chenye kidonda au kilichopoteza rangi kwa baridi.

Baadhi ya kalamu huja na kifuniko cha pili kinachoonyesha ndani, cha kuchomea mkono wa chini kati ya kiwiko na kifundo. Kinapunguza maumivu kweli. Lakini sukari inapopanda au kushuka haraka, damu ya mkononi huchelewa nyuma ya ile ya kidoleni kwa muda wa dakika 15 hadi 30. Baada ya kula, baada ya mazoezi, baada ya insulini, na hasa ukihisi dalili za sukari kushuka, kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, pima kidoleni.

Kuhusu kutumia sindano zaidi ya mara moja, jibu la mtengenezaji ni moja kwa kalamu zote: mara moja tu. Ncha imenolewa na kupakwa silikoni ili iteleze. Inapopita kwenye ngozi, upako unapungua na ncha inaanza kujipinda. Najua wengi hurudia, na najua kwa nini. Anayerudia asiiazime kwa mtu yeyote, asiifute kwa spiriti kwani ndiyo inayomaliza kile kipako, na asiitumie zaidi ya siku moja. Akianza kusikia mchomo "unashika" ngozi, hiyo imekwisha.

Kalamu moja, mtu mmoja

Hapa sina lugha laini. Kalamu ya kuchomea kidole haiazimwi, hata kama sindano imebadilishwa, hata kati ya mume na mke. Damu hurukia kwenye kifuniko na kwenye kishikio, kwa kiasi ambacho jicho halioni. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi juu ya kitu kikavu kwa siku 7 au zaidi, na maambukizi ya njia hii si nadharia: mwaka 1990 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, iliripoti maambukizi hospitalini California yaliyohusishwa na kifaa cha springi cha kuchomea vidole. Mwaka 2010 CDC na FDA, mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, zilitoa onyo la wazi kwamba vifaa hivi visitumike kamwe kwa zaidi ya mtu mmoja. Nyumba yenye wagonjwa wawili wa kisukari inunue kalamu mbili za rangi tofauti, au ziandikwe majina.

Kwa zahanati, maduka ya dawa yanayopimia wateja, na kambi za upimaji, kinachotakiwa ni lanseti ya usalama: kichomeo kidogo cha plastiki kinachochoma mara moja, ncha inajificha ndani na haitoki tena. BD Microtainer ni mfano mzuri, na rangi zake zinarahisisha kazi. Ya zambarau ni geji 30 yenye kina cha milimita 1.5, inatosha kupima sukari. Ya waridi ni geji 21 yenye kina cha 1.8, inafaa kwa vipimo vya haraka kama malaria vinavyohitaji tone kubwa zaidi. Ya bluu ina wembe wa upana wa milimita 1.5 na kina cha 2.0, ni ya kujaza mirija midogo, na kumchomea mtu wa kupima sukari kwa hiyo ni kumwonea. Unaibana tu kwenye ngozi mpaka ilie, hakuna kukaza wala kupanga.

Ndani ya boksi za vipimo vya malaria mara nyingine mnakuwa na zile lanseti za chuma tupu zinazoshikwa kwa vidole. Kina chake kinategemea mkono wa anayechoma, na ncha inabaki wazi mpaka itupwe. Ninazipa alama ya chini kuliko zote. Kwa watoto ndiyo hatari zaidi: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa utoaji damu unataka kina cha kidoleni kisizidi milimita 1.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 8, na kwa mtoto mchanga wa chini ya hapo achomwe kisiginoni, si kidoleni. Hakuna mkono unaoweza kupima milimita 1.5 kwa kukisia.

Utunzaji na ununuzi

Safisha kalamu mara moja kwa wiki kwa kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70, na ndani ya kifuniko kwa pamba ya kijiti. Usiizamishe kwenye maji, springi itashika kutu. Usiihifadhi ikiwa imekazwa, springi inachoka.

Sindano zilizotumika ziingie kwenye chombo cha plastiki ngumu chenye kifuniko cha kuzungusha, kama chupa ya dawa ya kung'arishia nguo. Chupa ya maji ya kunywa haifai, ncha inapenya. Ikijaa robo tatu, ifunge na uipeleke kituo cha afya chenye boksi la usalama na tanuri la kuchomea taka.

Unaponunua boksi la sindano, tafuta vitu vitatu juu yake: tarehe ya mwisho wa matumizi, neno STERILE likifuatiwa na herufi R, maana yake zimesafishwa kwa mionzi, na alama ya namba 2 iliyokatwa kwa mstari ndani ya duara, maana yake ni ya matumizi ya mara moja. Kisha fungua uone kofia za plastiki: kila moja iwe imeshikana na shina lake bila ufa. Kofia iliyolegea, hata moja kati ya mia, sindano hiyo haina usafi tena na itupwe. Zikizidi tano kwenye boksi moja, rudisha boksi zima.